Betri ya Usoke

Recheli alijibu kila swali bila kusita isipokuwa moja, na hilo moja Inspekta Veneranda Kashindye alikuwa amelirudia mpaka yeye mwenyewe amelichoka.

"Kisanduku cha muhuri kinakaa wapi Jumamosi na Jumapili?"

"Ghalani, mama."

"Kimewashwa?"

"Kimewashwa."

"Na betri yake?"

Recheli aliangalia mikono yake. "Iko palepale, mama."

Walikuwa katika chumba cha mahojiano cha kituo cha polisi, Tabora mjini. Ilikuwa Jumanne, na Alhamisi msichana huyo alitakiwa kupandishwa kizimbani. Kwao Usoke watu walikuwa wamepanda tangu mvua ya kwanza, na mashamba mengi yalikuwa bado matupu. Walipofukua walikuta punje zimeoza. Walikuwa wameuziwa minadani mahindi ya kula yaliyopakwa rangi nyekundu ili yafanane na mbegu iliyotiwa dawa, ndani ya mifuko ya Ushirika wa Mbegu Njia ya Misafara. Waliobaki na mifuko ambayo hawajaifungua waliogopa kuipanda, na mvua haisubiri mtu amalize kuogopa.

Kilichomleta Recheli mahabusu ni lebo. Kila lebo ya ushirika ina jina la kituo, tarehe, namba ya mfuko, na chini yake mistari miwili ya herufi na tarakimu. Ukiipiga picha kwa simu, simu inakujibu HALISI au BANDIA. Mifuko ile ya mahindi ya rangi ilijibu HALISI, tena HALISI ya Usoke. Mistari ya Usoke hutolewa na kisanduku kimoja tu, kilichopo ghala la Usoke, na hakitoi kitu bila nenosiri la mtunza ghala. Mtunza ghala ni Recheli. Mkuu wa upelelezi aliona hesabu imeisha, na hakuwa na haja ya karatasi ya ziada.

Veneranda hakuona hivyo. Katika miaka yake yote ya kazi alikuwa hajakutana na mwizi anayepiga muhuri wa jina lake mwenyewe kwenye kila mfuko wa wizi.

"Anaficha kitu, afande," alisema Sajenti Nurdini walipotoka nje. Nurdini ni mtoto wa mjini, hodari, na uvumilivu wake ni mfupi.

"Anaficha. Sijui kama ni kikubwa au kidogo. Watu wengi wanafungwa kwa vitu vidogo walivyoona aibu kuvisema."

Mama yake Recheli alikuwa kwenye benchi la mapokezi na kifurushi cha matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, kimefungwa kwa kitambaa cha zambarau mapajani. Veneranda alimwamkia, akamruhusu aingie, kisha akachukua bahasha ya vielelezo na kumwambia Nurdini awashe gari.

Walikwenda mtaa wa Chemchem, kwa mtu aliyeandika Kitasa, programu iliyokuwa ndani ya visanduku vyote vya ushirika. Anaitwa Modest. Chumba chake cha kazi kilikuwa na meza moja ndefu iliyojaa simu kuukuu, kompyuta mbili, na vibao vya umeme vilivyounganishwa kwa nyaya.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye Kitasa?"

"Mimi ndiye niliyekianzisha. Mwenyewe hana. Ni programu huria: kila mtu anaruhusiwa kuisoma, kuitumia na kuirekebisha. Ukirekebisha, desturi yetu ni kuwarudishia wenzako ili wote wafaidi."

"Asiyerudisha?"

"Hakuna polisi wa hilo." Modest akakumbuka anaongea na nani, akavuta kiti haraka. "Karibuni mkae."

Akaeleza vizuri, kama mtu aliyezoea kuulizwa na watu wasiojua. Kitasa ni maktaba, yaani mkusanyiko wa vipande vya programu vya kufunga siri na kupiga muhuri, ambavyo waandishi wengine huvichukua na kuvitia katika kazi zao. Alikiandika kwanza kwa ajili ya kompyuta. Watu wakakitaka kwenye simu, akakijenga upya kwa ajili ya simu. Kisha ushirika ukakitaka kwenye visanduku vidogo vya ghalani, akakihamishia huko.

"Kila mashine ina tabia yake," alisema. "Inayofanya kazi hapa, pale inagoma. Lakini ufunguo, ile siri inayopigia muhuri, hautoki, afande. Umezaliwa ndani ya kisanduku na utafia humo. Kama lebo ni za Usoke, zimetoka Usoke."

Hayo ndiyo maneno yaliyomfunga Recheli. Modest alikwisha kuyaandika kwenye maelezo yake ya wiki iliyopita. Veneranda hakumbishia. Alifungua bahasha, akatoa lebo za mifuko halali iliyokutwa ghalani, akazipanga mezani kwa safu, kila safu na tarehe yake.

"Nisomee hizi za mwanzo wa safu. Mstari wa kwanza tu wa kila moja. Usinieleze, nisomee."

Modest akasoma ya kwanza. Akasoma ya pili. Alipofika ya tatu sauti ilipungua, akaichukua lebo mkononi na kuiweka juu ya mwenzake.

"Ni mstari uleule," alisema.

"Tarehe tofauti, namba za mifuko tofauti, mstari uleule. Nimezitazama jana mpaka macho yakaniuma. Zote tatu ni za Jumatatu, na kila moja ni ya kwanza kupigwa siku hiyo. Sasa nieleze."

Modest aliirudisha lebo mezani. "Kila lebo inapopigwa muhuri, kisanduku huokota namba ya siri ya kutumika mara moja tu. Mstari wa kwanza unatokana na namba hiyo. Mstari wa pili unachanganya namba hiyo na ufunguo. Namba ikijirudia kwenye lebo mbili, mtu mwenye lebo hizo mbili mkononi anaweza kuuhesabu ufunguo. Hahitaji kukigusa kisanduku."

"Fanya, nione."

Aliandika tarakimu za lebo mbili kwenye kompyuta. Mke wake alileta chai, na chai ya Nurdini ilikuwa bado inaunguza midomo Modest alipogeuza kioo cha kompyuta kuwaelekea. Kulikuwa na mstari mmoja mrefu.

"Huo ndio ufunguo wa Usoke."

"Ulisema hautoki," alisema Nurdini.

"Haujatoka. Nimeuhesabu nikiwa nje." Aibu ilimjaa Modest waziwazi. "Kwenye kompyuta, Kitasa kinauomba mfumo namba isiyotabirika, kinapewa. Kwenye simu vilevile. Kisanduku kile hakina mfumo wa kuombwa. Nikaweka saa yake kwa muda: kinapowaka, kinaanzia kwenye saa, kinaokota namba moja baada ya nyingine kwa mfuatano. Nilipanga nirudi niandike njia nzuri. Majaribio yote yakapita, nikajisahau."

"Na kwa nini inajirudia Jumatatu?"

"Saa imeanza sifuri. Ikianza sifuri, mfuatano wote unaanza upya. Hapa mezani kwangu haikuwahi kutokea, kwa sababu betri haikuwahi kutolewa. Kwani Usoke wanatoa betri?"

"Recheli anasema hapana," alisema Veneranda, akazikusanya lebo zake.

Barabara ya kwenda Usoke inafuata njia ya misafara ya zamani kuelekea Ujiji, na reli inaifuata barabara. Siku hizi ni lami, na Nurdini huiendesha kama vile misafara bado inamsubiri mwishoni. Walifika ghalani kabla ya mchana. Veneranda alikata utepe wa polisi, akaenda moja kwa moja kwenye rafu ya kisanduku.

Alikiwasha kwanza. Kwenye kioo kidogo yakatokea maneno KITASA 4, naye akayapiga picha. Kisha akainama kuiangalia betri iliyokuwa chini, kubwa, ya sola. Vichwa vyake vilikuwa na mikwaruzo ya aina mbili: myembamba ya nyaya za kisanduku, na mipana ya vibanio ambavyo ghalani havikuwepo. Kwenye mshikio wake kulikuwa kumefungwa kipande cha kitambaa cha zambarau.

"Hiki kitambaa nimekiona," alisema.

"Wapi?"

"Mama yake Recheli amefungia matobolwa."

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na kanisa, na kwenye kamba nyuma ya kanisa majoho ya kwaya ya zambarau yalikuwa yameanikwa. Mzee mmoja alikuwa akiyageuza ili yapate jua upande wa pili. Alikuwa Ezekia, mwalimu wa kwaya.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mwangaluka."

"Mwangaluka," Veneranda alirudisha salamu hiyo ya asubuhi ya Kinyamwezi, akamwonyesha picha ya betri kwenye simu. "Kitambaa hiki ni chenu?"

Mzee Ezekia aliitazama, akafuta mikono kwenye suruali. "Ni chetu. Tuliifunga isichanganyike na za watu. Kinanda chetu hakitosheki na betri moja. Ya mchungaji tunayo, na hii tunaazima Jumamosi jioni kwa mazoezi na Jumapili kwa ibada. Jumatatu asubuhi nairudisha mwenyewe kwa baiskeli."

"Recheli alikubali?"

"Recheli ndiye kiongozi wa sauti ya pili. Angekataaje?"

"Yuko mahabusu, mzee. Kwa nini hukuja kusema?"

"Nije niseme nini? Kwamba betri ya ushirika tumeitumia kumwimbia Mungu?" Mzee alionekana kuumia kweli. "Mimi nilisikia kesi ni ya mbegu."

Veneranda alimwomba aandike maelezo, naye aliyaandika pale kwenye ngazi za kanisa, taratibu, kwa mwandiko mzuri. Alipomaliza aliuliza kama betri itachukuliwa. Veneranda alimwambia kwamba hilo si la polisi.

Garini Nurdini hakuwa na furaha. "Sasa tumepanua kesi, afande, hatujaifunga. Kila aliyenunua mifuko miwili ya Jumatatu ni mtuhumiwa."

"Aliyenunua mifuko miwili, anayejua hesabu ile, na anayejua kwamba Kitasa kina tundu pale."

"Basi ni Modest."

"Ulimwona uso alipokuwa anasoma?"

"Uso haupelekwi mahakamani."

"Ni kweli," alisema Veneranda. "Twende Kaliua. Kisanduku chao na cha Usoke vilinunuliwa siku moja. Nataka nione kama na wao lebo zinajirudia."

Kaliua, reli ya Mpanda inapoachana na ya Kigoma, ghala la ushirika lipo karibu na stesheni. Mtunza ghala, Magreth, alikuwa mwanamke wa maneno mengi na hakuona sababu ya kuficha chochote.

"Betri? Naibeba kila jioni, afande. Watoto wangu wasomee gizani na taa ipo ghalani imekaa bure?"

Nurdini alimtazama Veneranda. Kama betri hutoka kila jioni, lebo ya kwanza ya kila siku ilipaswa kufanana na ya jana yake. Walitandaza lebo chini, wakazipanga, wakazisoma moja baada ya nyingine, Magreth naye akisaidia. Hakuna mstari uliojirudia.

"Hoja ya betri imekufa," alisema Nurdini.

Veneranda alichuchumaa pale chini, akazipitia lebo tena. Kisanduku kilekile, tabia ileile, hata mbaya zaidi, na ugonjwa haupo. Alipoinuka alimwomba Magreth akizime kisanduku na kukiwasha tena. Kioo kikaandika KITASA 4.1.

Alimpigia Modest. "Toleo lako la mwisho ni lipi?"

"La nne, afande."

"Na nne nukta moja?"

"Sijatoa kitu kama hicho. Limetoka wapi?"

Veneranda alimgeukia Magreth. "Nani alikigusa hiki?"

"Deus, fundi wa ushirika. Alizunguka vituo vyote mwezi wa tisa, akaweka programu mpya, akafunga skrubu na kuzipaka rangi ya muhuri. Si hii hapa? Alisema tukiikwangua tumefukuzwa kazi."

"Usoke alikwenda?"

"Hilo muulize mwenyewe. Ila alitoka Tabora, na kutoka Tabora huwezi kufika hapa bila kupita Usoke."

Rangi nyekundu juu ya skrubu ilikuwa nzima. Veneranda aliipiga picha, akamwita mkuu wa stesheni awe shahidi, akakitia kisanduku kwenye mfuko wa vielelezo mbele yao na wote wakasaini. Kisha akapiga simu vituo vingine. Kila mtunza ghala aliwasha kisanduku chake na kusoma kilichoandikwa, na wote walisema nne nukta moja. Nne tupu ilikuwa Usoke peke yake.

Jumatano Deus alifika kituoni kwa hiari. Veneranda alikuwa amemwita kama mtaalamu, ili amsaidie kuikamilisha kesi ya Recheli, na Deus alikuja amevaa shati lililopigwa pasi, tayari kusaidia. Nurdini alikaa pembeni akiandika.

"Nieleze mimi nisiyejua," alisema Veneranda. "Mtu anaweza kufungua kisanduku akachukua programu iliyomo?"

"Lazima akwangue rangi yangu. Nimekagua vyote mwezi uliopita. Haijaguswa."

"Hili toleo la nne nukta moja ni la nani?"

Deus alitabasamu. "Langu. Kitasa cha Modest ni kizuri, lakini kina mambo ya kizembe. Nilikinyoosha."

"Umelitoa kwa watu? Nasikia nyie mna desturi ya kurudishiana."

"Sijampa mtu. Hata Modest hana."

"Nakuuliza kwa sababu wakili wa Recheli atasema labda fundi mwingine analo."

"Hakuna mwingine. Liko kwenye kompyuta yangu, lina nenosiri langu. Andikeni hivyo."

"Sajenti, andika hivyo," alisema Veneranda, na Nurdini akaandika. "Ulinyoosha nini hasa?"

"Mambo madogomadogo. Kasi."

"Namba ya siri ya lebo hukuigusa?"

Tabasamu la Deus lilipungua. "Sikumbuki."

"Kaliua betri inatoka kila jioni na lebo hazijirudii. Usoke inatoka mara moja kwa wiki na zinajirudia. Mtu aliliona tundu akaliziba Kaliua, na kila kituo kingine. Asiyelijua tundu hawezi kuliziba. Usoke hukuliziba kwa nini?"

"Ghala lilikuwa limefungwa nilipopita."

"Ulipokwenda, au uliporudi?"

Deus aliutazama mlango.

"Modest ameniambia toleo lako linapowekwa, kisanduku kinazaa ufunguo mpya," aliendelea Veneranda. "Ungeliweka Usoke, ufunguo wa zamani ungekufa. Nadhani ulikuwa bado una kazi nao."

"Hayo ni mawazo, afande. Ufunguo ule angeweza kuuhesabu mtu yeyote mwenye lebo mbili. Utajuaje nani aliupiga muhuri ule? Muhuri ni uleule."

"Sijakwambia kwamba ulihesabiwa kutoka kwenye lebo mbili," alisema Veneranda.

Nurdini aliandika na hilo pia. Veneranda akafungua mlango, akamwita Modest, ambaye alikuwa ameshinda chumba cha pili tangu alfajiri na kisanduku cha Kaliua. Alikifungua mbele ya Magreth na mashahidi wawili, akaitoa programu iliyokuwemo. Sasa alisimama na karatasi mbili mkononi, na hakumwangalia Deus.

"Mwambie ulichoniambia," alisema Veneranda. "Taratibu, Sajenti anaandika."

"Toleo hili halitumii saa," alisema Modest. "Namba ya siri linaitengeneza kutokana na maandishi ya lebo yenyewe na ufunguo, na ndani yake kuna neno la ziada alilolitia yeye. Ukilipa lebo ileile na ufunguo uleule, litatoa mistari ileile, hata ukirudia mwaka mzima. Leo asubuhi nimelipa ufunguo wa Usoke, nikaandika tarehe na namba ya mfuko mmoja wa mahindi ya rangi." Akaweka karatasi mezani. "Huu ni mfuko. Hii ni iliyotoka leo."

Mistari ilifanana mwanzo hadi mwisho. Akaweka jozi nyingine, na nyingine. Nurdini aliacha kuandika ili atazame.

"Kisanduku cha Usoke hakiwezi kutoa hii," Modest akasema. "Chenyewe kinafuata saa, kwa ule mfuatano wangu mbovu. Lebo zote za kweli za Usoke zimo kwenye mfuatano huo. Za mahindi ya rangi hakuna hata moja."

"Mtu amelichukua toleo langu," alisema Deus.

"Sajenti, msomee."

Nurdini akasoma bila kuongeza sauti. "Hakuna mwingine. Liko kwenye kompyuta yangu, lina nenosiri langu. Andikeni hivyo."

"Ungelitoa kwa watu kama wenzako wanavyofanya," alisema Veneranda, "leo ningekuwa na mafundi wa dunia nzima wa kuwashuku. Nisingekufikia. Umelificha, umebaki peke yako."

Deus aliomba wakili. Veneranda akamwambia ni haki yake, akamwonyesha hati ya kupekua nyumba yake na kuchukua kompyuta. Waliouza mifuko ile minadani watatafutwa kuanzia hapo, na hiyo itakuwa kazi ndefu. Deus alipoinuliwa kutoka kitini, Modest alimgeukia kwa mara ya kwanza.

"Uliliziba vizuri, Deus. Kuliko ambavyo mimi ningeliziba. Ungenitumia tu, ningekuwekea jina lako juu kabisa."

Deus alipita bila kumtazama. Modest alibaki amesimama, amekasirika na amesikitika kwa pamoja, wala hakujaribu kuficha.

Recheli alirudishiwa kitambulisho, simu na viatu saa za alasiri. Alisikiliza habari yote kwa kichwa kilichoinama, na alichouliza kwanza ni kama Mzee Ezekia amekamatwa.

"Hajakamatwa. Amesema mwenyewe habari za betri, na ameandika."

Recheli akalia, kimya, akijifuta kwa kiganja. Veneranda alimwacha amalize.

"Kwa nini hukusema, mwanangu? Ungefungwa."

"Ushirika wangenifukuza, mama. Na kwaya ingebaki bila betri, Krismasi hiyo imefika. Nilijua mbegu sikuiba. Nikafikiri hilo mtaliona wenyewe." Akavaa kiatu cha pili. "Kumbe betri ndiyo mliyokuwa mnaitafuta."

Veneranda alikuwa na maneno ya kumkaripia, aliyatayarisha tangu Usoke. Aliyaacha.

Alhamisi, siku ambayo angekuwa kizimbani, Recheli alifungua ghala. Wingu lilikuwa limejaa upande wa magharibi. Watu walikuwa wamejipanga tangu asubuhi, kila mmoja na mfuko wake, na hawakuwa wanaongea sana. Modest alikuwa ameketi kwenye gunia na kompyuta mapajani. Alikuwa amemwambia Recheli kwamba kosa lilikuwa lake, na Recheli akamjibu kwamba basi mifuko mizito ataibeba yeye. Sasa Modest alikuwa akiandika mistari ya kila lebo na kuilinganisha na mfuatano wa saa. Mifuko iliyokuwa nje ya mfuatano Nurdini aliiweka kushoto kwa ajili ya mahakama. Iliyokuwamo ilirudi kwa mwenyewe.

Wa kwanza kwenye mstari alikuwa bibi mmoja ambaye hakuwa amepanda chochote, kwa hofu. Modest aliandika, akasubiri, akainua kichwa.

"Ni halisi, bibi."

Bibi hakumtazama Modest wala kompyuta yake. Alimtazama Recheli.

"Simu nayo ilisema hivyohivyo kwa jirani yangu," alisema. "Wewe unasemaje?"

Recheli aliuchukua mfuko, akaugeuza, akaitazama lebo aliyoipiga kwa mkono wake Jumatatu moja asubuhi, betri ikiwa imerudi kutoka kanisani.

"Huu ni wangu, bibi. Panda."

Bibi akaupokea, akauweka kichwani, na akaondoka haraka kabla mvua haijamkuta njiani.